Bwawa Lililozikwa Zima

Umewahi kuona bwawa la kuogelea likizikwa?

Mimi nimeona. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa nyuma ya duka la barafu, na dada yangu Arvella amenishika kiunoni nisianguke. Malori yalikuja kinyumenyume mpaka ukingoni, moja baada ya jingine, yakainua migongo yao na kubwaga udongo mwekundu ndani ya maji. Maji yalikuwa ya buluu, kisha yakawa kama chai ya maziwa, kisha yakawa matope, kisha hayakuwepo. Kiti kirefu cha yule kijana aliyekuwa akiwalinda waogeleaji kilibaki kimesimama juu ya udongo, kama kiti cha mtu aliyetoka kidogo na atarudi. Kaka yetu Tavis, wa miaka kumi na minne, alikaa kwenye nyasi akatazama mpaka lori la mwisho.

Huo ulikuwa mwaka 1964, hapa hapa Marabel, Misisipi. Serikali kuu ya Washington ilikuwa imetoka kupitisha sheria kwamba mahali palipo wazi kwa umma pawe wazi kwa kila mtu, mweusi na mweupe. Baraza la mji wetu likakutana, likaona afadhali asiogelee mtu yeyote kuliko tuogelee wote.

Bwawa lile lilikuwa na lango la mawe, na lango hilo lipo mpaka leo. Juu yake pamechongwa jina la Jaji Augustus Lyle, aliyelijenga. Katika mji huu hakuna mtu mkubwa kumpita huyo: picha yake imetundikwa mahakamani, shule ina jina lake, hata mbwa wa fundi viatu aliitwa Jaji. Chini ya jina pamechongwa maneno KWA WATU WOTE WA MARABEL. Sisi tulijifunza kusoma kwa maneno hayo, tukiwa upande wa nje wa uzio. Baba alikuwa akisema jaji yule ama alikuwa mwongo, ama hakujua kuhesabu.

Sasa nikwambie habari za Tavis, maana bila yeye hutaelewa habari za mkate.

Tavis alijifunza kuogelea juu ya nchi kavu. Kila alasiri ya kiangazi alikwenda kwenye uzio wa waya, akapitisha vidole kwenye matundu, akawatazama watoto wa Kizungu wakiogelea. Akirudi nyumbani analala kifudifudi juu ya benchi la kufulia, anapiga mikono na miguu hewani, anageuza kichwa kando na kuvuta pumzi kama alivyowaona. Mama akipita na beseni anamwambia, "Samaki, ondoka kwenye benchi langu." Anaondoka, anahamia kwenye nyasi. Alipachimba pale mpaka nyasi hazikuota tena.

Alikuwa akituhadithia kwamba chini kabisa ya bwawa, kwenye sakafu, kuna mstari mweusi ulionyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kwamba mwogeleaji hutazama mstari huo asipotee. Hakuna aliyemwamini. Ukisimama kwenye uzio huoni sakafu, unaona mng'ao wa jua tu. Arvella, aliyekuwa na miaka kumi na sita na anajua kila kitu, alimwuliza ni nani mjinga wa kuchora mstari ndani ya maji. Tavis akasema aliuona alipopanda juu ya mti wa jaji, ule mwaloni mkubwa wa mahakamani. Tukamcheka.

Sheria ilipopita akatangaza mtaani kwamba Jumatatu ataingia kwa lango la mbele, amevaa kaptula mpya. Malori yakaja Jumamosi.

Basi Agosti, joto likiwa limekaza kama mkono wa mtu shingoni, akaenda kuujaribu ujuzi wake kwenye Mto Bogue, pale kwenye kona tunapobatizia. Arvella alikwenda naye. Alisimama ukingoni ameshika shati lake. Anasema Tavis aliogelea vizuri, tena vizuri sana, mpaka katikati. Maji ya Bogue ni meusi kama kahawa. Ukitia mkono huoni vidole. Hapakuwa na mstari wa kufuata. Alizunguka kidogo kama mtu anayetafuta mlango gizani, akashuka. Wakamtoa kesho yake.

Jumapili iliyofuata ndiyo Arvella alikuwa abatizwe. Alikuwa amekaa benchi la mbele wiki nzima ya uamsho, kama tunavyofanya sisi Wabaptisti, watu wazima wakimwombea na kumwimbia mpaka Roho akamgusa akasimama. Mama alikuwa amemshonea kanzu nyeupe kwa shuka mbili. Ubatizo ukahamishiwa juu kidogo ya mto kwa heshima ya msiba. Arvella alikwenda na wenzake, amevaa ile kanzu, kilemba cheupe kichwani. Shemasi akatangulia na fimbo ya kupimia kina, kama desturi, akaichomeka pale mchungaji atakaposimama. Wenzake wakaingia mmojammoja wakatoka wanalia na kucheka. Zamu ya Arvella ilipofika, alitazama yale maji, akageuka, akarudi nyumbani kwa miguu, kanzu ikifagia vumbi.

Hakuingia tena majini. Hata nyumbani huoga kwa beseni, na gari likipita darajani hufumba macho na kuniuliza, "Tumevuka?" Mimi, kwa uchokozi, humwambia bado hata tukiwa tumeshafika dukani.

Lakini lililomwuma si beseni. Kanisani kwetu Nebo Mpya, Meza ya Bwana ni ya waliobatizwa kwa kuzamishwa, na asiyezamishwa sahani humpita. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi sahani ile ya mkate imempita Arvella. Anaipokea kwa jirani wa kulia, anaipeleka kwa jirani wa kushoto, uso umekaa kama wa mtu anayepitisha chumvi. Na mkate huo anauoka yeye. Mama alikuwa mwokaji wa kanisa, na Mama alipofariki Arvella akaichukua kazi bila kuombwa. Jumamosi anachekecha unga, anatia chumvi, mafuta kidogo na maji, anausukuma kwa chupa ya glasi mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi, anauchoma kwa uma tundu ndogondogo kwa safu, anautia ndani ya jiko na kukaa mbele ya mlango wa jiko kama anayelinda mgonjwa. Vipande vilivyovunjika huwamwagia ndege uani. Yeye hajapata kuonja hata chembe iliyonasa kwenye kidole. Nimemwona akikiosha kidole hicho.

Wachungaji wanne wamepita hapo wakijaribu kumbatiza. Mmoja alitaka kumnyunyizia kwa siri kwa bakuli, na Arvella akamwambia sisi si watu wa kunyunyiziwa, nyunyiza maua. Huyu wa sasa, Mchungaji Whitlow, kijana mpole kutoka Jackson, alimpeleka kulitazama tangi lililojengwa nyuma ya mimbari, nyuma ya pazia. Alimweleza kwamba maji yatapashwa moto, watakuwa watu watatu tu, na jambo lenyewe ni la kufumba na kufumbua. Arvella alichungulia mle ndani. Tangi lenyewe ni jembamba na kuna giza.

"Mchungaji," alisema, "siingii maji ambayo sioni chini yake. Nimekwisha kuona yanavyofanya."

Shemasi Rufus Tarpley, ambaye amekuwa na fimbo ya kupimia maji tangu alipoirithi kwa baba yake na hajapata mahali pa kuichomeka tangu lile tangi lijengwe, alimwunga mkono Arvella. Yeye hulichukia tangi, huliita sinki. Lakini Arvella naye hakuuponyoka ulimi wake. "Dada Arvella," humwambia kila akipokea mkate mlangoni, "kinyozi hajinyoi, lakini wewe umezidi. Utakufa na njaa karibu na chungu."

"Nitakufa nikiwa mkavu, Rufus," humjibu.

Hucheka wote wawili. Mimi ninayelala chumba cha pili nilijua hapakuwa na kicheko. Jumapili hizo za kwanza jioni hali chakula. Kunde na mkate wa mahindi hubaki kwenye sahani yake iliyofunikwa, naye hukaa kwenye baraza akitazama barabara.

Sasa turudi kwa bwawa.

Walipokwisha kulijaza, wanawake wa Kizungu wa chama cha bustani wakapanda maua ya kamelia juu yake, wakaweka na viti. Kwa mbali ungesema ni mahali pazuri. Ila wale wanaume, kwa haraka yao ya kulizika kabla hatujafika langoni, walisahau jambo moja ambalo mtu yeyote aliyewahi kupanda ua kwenye kopo angewaambia: hawakuitoboa sakafu. Waliuweka udongo ndani ya bakuli. Kila mvua ikinyesha, maji yakatiririka kutoka uwanja wa mahakama yakaingia pale na hayakuwa na pa kwenda. Kamelia zikaoza mizizi. Wakapanda mawaridi, nayo yakaoza. Mbu walikuwa wengi kuliko maua. Miaka yote hiyo, kila baada ya mvua kubwa, bwawa lilirudi juu ya bustani, umbo lile lile la mstatili, maji yakimeta kati ya viti. Watu walipita wakajifanya hawaoni.

Aliyeachiwa mzigo wa bustani hiyo na mama yake, mmoja wa wanawake wale, ni Bi Claudine Hatcher. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na shule za weusi na weupe zilipochanganywa Arvella alikuwa mpishi hapo hapo, kwa hiyo wamejuana muda mrefu, urafiki wao ukiwa wa kuchokozana. Asubuhi baada ya mvua Arvella humwuliza, "Claudine, maua yako yamejifunza kuogelea?"

Siku moja Claudine alijibu, "Bado, Arvella, yanazama tu." Akajisikia alichosema, akaweka mkono mdomoni, macho yakajaa.

Arvella akamsogezea kikombe cha kahawa. "Ni maua tu hayo," alisema. "Kunywa."

Mwaka huu baraza jipya, ambalo sasa lina watu wetu watatu na Claudine mwenyewe, likachoka na mbu. Vijana wengine walidai bwawa lirudishwe. Wengine, wa rangi zote mbili, walisema yaliyozikwa yaachwe yalale, kufukua ni kutafuta harufu. Wakazozana majira yote ya baridi. Mwisho wakakubaliana kwa kitu ambacho hakikumfurahisha mtu: udongo utolewe, sakafu ivunjwe maji yapate kushuka, kisha pawekwe lami magari ya mahakamani yaegeshwe. Ukiacha sakafu hiyo, walisema bwawa lenyewe halipo tena, limeshasagika vipande vipande huko chini.

Katapila lilipoanza kuchimba, mimi nilibeba kiti changu cha kukunja nikaenda kukaa kando ya uzio. Arvella alikataa katakata. Tangu siku ile ya malori hapiti mtaa ule, huzunguka kwa posta. Jioni nikirudi namkuta anachambua kunde, hainui uso, lakini mkono unapunguza mwendo.

Jioni ya kwanza nilimwambia wametoa mizizi ya kamelia tu, na kopo la soda la zamani. Jioni ya pili nikamwambia wameona kile kiti kirefu cha mlinzi, kimelala kwa ubavu, chuma kitupu.

"Kilikuwa cheupe," alisema.

Jioni ya tatu nilichelewa, kwa sababu sikuweza kuondoka. Meno ya katapila yalikuwa yamekwaruza kitu kikatoa sauti ambayo si ya udongo, na msimamizi, Mmeksiko mmoja mpole aitwaye Nazario, akainua mkono mashine ikasimama. Alishuka shimoni kwa miguu. Akapiga magoti, akafuta kwa kiganja, akafuta tena kwa kofia yake. Kisha akatutazama sisi tuliokuwa juu kama mtu aliyekanyaga kaburi, akasema tu, "Ni buluu."

Basi hakurudi kwenye mashine. Aliwapa watu wake sepeto na mifagio, ingawa hakuna aliyemwagiza, nao wakaenda taratibu. Na kile kitu kikaanza kutoka. Kuta zilikuwa nzima. Vigae vya ukingoni, vidogo kama meno ya mtoto, viko mahali pake. Ngazi tatu za saruji za kushukia zilitoka na pembe zake, bila ufa. Udongo uliotumika kuliua ulikuwa umelitunza, jua halikulipata wala baridi. Wakavuta mpira wa maji wakaliosha, na buluu ile ikafunguka kama jicho. Watu walisimama kando ya uzio, waliotoka benki na waliotoka kiwandani, Wazungu kwa weusi. Wanaume walivua kofia, nadhani bila kujua. Nilikuwa nimeliona likifa, na ni nani anayetazamia kumwona maiti wake akitoka mzima?

Claudine alikuwa kando yangu. Alinyoosha kidole. "Mozelle, ngazi ya chuma ilikuwa pale. Hapa nilijifunza kuogelea. Kisha Baba akapiga kura lizikwe, na sikuogelea tena popote." Alinitazama kama anayengoja nimjibu. Nikampisha akae kwenye kiti changu kidogo.

Nilipofika nyumbani Arvella alikuwa amemaliza kunde zote na anachambua maganda.

Nilimweleza kila kitu, vigae, ngazi, buluu. Alisikiliza. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ya mtu wa miaka sabini na sita.

"Mstari mweusi upo?"

Nilikuwa nimesahau. Nasema kweli, kwa ule mshangao sikutazama. Nikamwambia kesho.

Asubuhi nilikuwepo kabla ya Nazario. Walikuwa bado hawajafika katikati, tope lilikuwa zito huko. Nikamwomba, nikamwambia nina mgonjwa nyumbani anayengoja jibu. Alinitazama, akachukua ufagio mwenyewe. Alifagia kutoka ngazini kuelekea ng'ambo, na nyuma ya ufagio wake ukatokea mweusi, upana wa kiganja, umenyooka kama uzi wa fundi ujenzi. Alifagia mpaka mwisho. Mstari haukukatika mahali popote.

Nikakaa chini. Mtoto wa miaka kumi na minne, juu ya mwaloni, aliuona, na sisi tulimcheka.

Nilipomwambia Arvella, aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilisikia kabati likifunguliwa. Hakulia, au hakulia nikamsikia. Baadaye akatoka akapika kama kawaida, ila alitia chumvi mara mbili.

Mashine ya kuvunja sakafu ilikuwa ije Alhamisi. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo yakatufikia mabaki ya kimbunga kutoka baharini, kule Ghuba kusini kwetu, na mvua ikanyesha kutwa mbili bila kupumua. Mifereji yote ya uwanja wa mahakama, kama ilivyozoea, ikamwaga pale pale. Barabara ya kuingilia mjini ikafunikwa na maji, mashine ikabaki njiani, na baraza likatoa habari kwamba kazi itaendelea Jumatatu. Jumamosi jua likatoka. Arvella akachekecha unga wake, maana kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza.

Siku hiyo kanisani sahani ilipita kama inavyopita. Nilikaa kushoto kwake, kwa hiyo mimi ndiye niliyeipokea. Ila safari hii hakuiachia. Tulishika wote wawili, yeye upande wake mimi upande wangu, akiutazama ule mkate na zile tundu za uma alizozipanga mwenyewe. Kisha akaachia. Mkate ulibaki mwingi, kwa kuwa barabara mbovu ilikuwa imewazuia watu wa mashambani. Shemasi Tarpley akaufunika kwa kitambaa juu ya meza.

Baada ya ibada kila mtu alikuwa akizungumza juu ya bwawa. Mchungaji Whitlow akasema twendeni tukalione kabla ya Jumatatu, na watu wakaondoka vile vile walivyo, yeye na kanzu yake, akina mama na kofia zao, Shemasi Tarpley na fimbo ambayo siku hizi ni mkongojo wake. Mimi nikaelekea gari letu. Arvella akanishika kiwiko.

"Kwa posta ni mbali leo," alisema. "Tupite njia fupi."

Tulipofika, lango la mawe lilikuwa limefungwa kwa mnyororo wa mkandarasi, na watu wamerundikana kwenye uzio, vidole kwenye matundu ya waya. Nilipoona vidole vile nilimwona Tavis. Claudine alikuwa hapo, na koti lake la mvua. Yeye alikuwa na ufunguo, maana alikuwa mtu wa bustani na wa baraza. Alimwona Arvella. Akafungua kufuli, akauvuta mnyororo wote, akasukuma mabawa mawili ya lango mpaka yakagonga ukuta, akasimama kando.

Tukaingia kwa lango la mbele.

Ndugu yangu, nimeishi sana, nimeona theluji ya Chicago na nimeona mapacha wakizaliwa, lakini sijaona kitu kama hicho. Maji yalikuwa yametulia siku nzima. Udongo ulikuwa umekwenda chini na kujikusanya kwenye kina, na upande wa ngazi maji yalikuwa safi, kimo cha kiuno, yamebeba mawingu na mnara wa mahakama na mwaloni wa jaji kichwa chini. Hakuna bomba lililoyaleta wala mtu aliyeyalipia. Yalitoka juu yakakuta mahali pazima pa kukaa. Kutoka ngazini, chini ya maji, ulianza mstari mweusi, unatikisika kidogo na upepo, halafu unanyooka tena.

Watoto waliacha kukimbia. Mzee mmoja aliyewahi kufungwa kwa kukaa kwenye mgahawa wa Wazungu alisema taratibu, "Bwana wangu." Mchungaji alikunja mikono yake kifuani.

Shemasi Tarpley, kwa mazoea ya mwili tu, alisogea mpaka ngazi ya kwanza, akashusha fimbo ndani ya maji. Kule Bogue fimbo hiyo huzama kwenye tope bila sauti. Hapa iligonga. Tuliisikia sote, ko, safi kabisa. Akagonga tena mbele kidogo.

"Kugumu," alisema, akishangaa kama mtoto. "Nauona mwisho wa fimbo yangu."

Nikageuka kumtazama dada yangu, nikakuta hayupo ubavuni. Alikuwa amekwenda mpaka ukingoni, yeye ambaye kwa miaka sitini hakusogelea mto wala bwawa. Alikuwa amevua viatu vyake vya kanisani na kuvipanga sambamba, kofia ameiweka juu ya viatu. Kichwani, palipokuwa na kofia, alikuwa amefunga kile kilemba cheupe cha ubatizo, kimekuwa cha manjano kwenye mikunjo. Nikajua kabati lilifunguliwa kwa nini. Kanzu yenyewe isingemwingia hata mkono.

Aliutazama mstari ule kutoka mwanzo mpaka ulipopotelea kwenye kina. Midomo yake ilicheza kidogo, na nilijua anazungumza na nani. Kisha akamwita mchungaji, si kwa sauti kubwa.

"Mchungaji," alisema, "nataka kubatizwa. Leo, humu, Rufus achomeke fimbo pale juu ya mstari wa Tavis. Na ule mkate uliobaki mezani mtu asiumwage. Nimeuoka miaka yote hii, sijui hata kama una chumvi ya kutosha. Nataka kuuonja."